Ahadi Niliyomnyima Salim

Alhamisi, Msambweni. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na baada ya hapo jua likawa la kuunguza mchana kutwa. Nimeswali magharibi, nimekunywa kahawa yangu chungu, na bado nina hasira. Ninaandika nikiwa nayo kwa makusudi. Nikingoja ipoe nitaanza kuandika kwa adabu, na leo sitaki adabu nyingi.

Asubuhi nimerudisha ufunguo wa gari zuri kuliko yote niliyopata kupewa tangu nirudi nyumbani.

Nimeurudisha kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya watu.

Kwa wasomaji wageni, mimi ni dereva wa mashindano. Sisemi kwamba nilikuwa, nasema mimi ni. Nilianza maisha nikiwa mwalimu wa jiografia, na mpaka leo watu huniita Mwalimu, lakini mkate wangu kwa zaidi ya miaka ishirini ulitoka kwenye usukani: rali, mbio za malori, magari ya viwanjani, mbio za jangwani. Siku hizi ninawafundisha madereva wa ambulansi na wa hoteli jinsi ya kupita kwenye tope na mchanga bila kuua mtu. Sitini nimeshaiacha nyuma. Goti la kulia lina vyuma. Macho ya mchana ni mazima, ya jioni yameanza kunidanganya. Hayo nimeyasema mwenyewe kabla hajanisemea mtu.

Jumamosi hii rali inapita kwetu. Inaanzia Ukunda, inapanda Shimba Hills, inateremka bara mpaka upande wa Lunga Lunga. Enzi zangu haikuwahi kutokea. Nimeshindana mbele ya watu ambao sikuijua lugha yao, nikashangiliwa na watu wasioweza kulitamka jina langu, lakini dada zangu hawajawahi kuniona hata siku moja. Mama yangu alifariki akiamini kwamba kazi yangu ni kuwapelekea Wazungu magari yao. Kila nilipomweleza alisema, "Sawa, lakini yafike salama."

Safari hii kuna kundi la magari ya zamani, na madereva wa zamani wanaruhusiwa. Ninajua goti langu na ninajua macho yangu. Mwakani sitakuwa na cha kuwaonyesha watu. Kwa hiyo nilichokitaka ni hii Jumamosi moja tu, kwenye udongo wangu, mbele ya watu wangu.

Ndiyo maana nilifurahi kama mtoto Salim aliponipa gari.

Salim ni mtoto wa marehemu rafiki yangu. Ana hoteli Diani, na nyuma ya hoteli ana banda la magari ya kale anayoyapenda kuliko wageni wake. Ananiita ami, kama ndugu wa baba yake, na mimi namwita mwanangu. Gari alilonipa alilitengeneza mwaka mzima. Nilipoliwasha wiki iliyopita nilizima redio ya simu yangu, nikalisikiliza. Nakiri kwamba nililitamani gari lile kwa namna isiyomfaa mtu wa umri wangu.

Leo asubuhi alitualika madereva kadhaa kwa chai hotelini kwake. Mahamri, mbaazi za nazi, wageni wake wa heshima wawili watatu, na Mutiso kando yangu. Mutiso ndiye aliyenisomea njia katika rali zangu zote. Ni Mkamba wa Shimba Hills, mfuga mbuzi, na siku hizi ni mzee wa kanisa, ingawa mdomo wake bado haujaokoka.

Salim alingoja sahani zipungue.

"Ami, jana usiku umesikiliza redio?"

Nilikuwa nimesikiliza. Mtangazaji mmoja alikuwa amelifukua lile jambo la Tanga akalicheza kama ngoma.

"Mji mzima unacheka," akasema. "Ati Jumamosi anayetaka kukushinda hana haja ya gari zuri. Akodi jeneza tupu, alipitishe barabarani."

Meza nzima ikaangua kicheko. Kijana mmoja wa Ukunda, dereva mzuri na mwenye kelele, akapiga meza. Nami nilicheka. Ni mzaha mzuri, ningeutunga mimi ningejivunia.

Kisha nikaona Salim hacheki.

"Sasa, ami, niondolee aibu. Ahidi hapa mbele ya wenzako, njiani husimami kwa lolote ila bendera nyekundu au ajali."

"Na jeneza?"

"Jeneza lina wenyewe, ami."

Hapo lazima nieleze, maana najua wako wasomaji wangu wa bara ambao hawajui tunazungumzia nini.

Kwetu maiti hazikwi kesho kutwa. Anayefariki asubuhi mara nyingi alasiri yumo kaburini. Jeneza hubebwa mabegani na wanaume, kwa miguu, na mabega hubadilishana njia nzima. Ukiwa umekaa kibarazani likapita, unasimama. Ukiwa na gari unaliweka kando, unazima injini, unateremka. Na ukiwa mwanamume mwenye nguvu zake unaingia chini ya mti wa kubebea jeneza, unatoa bega hata kwa hatua chache, kisha unampisha mwingine. Huulizi ni nani. Huulizi kabila wala mtaa. Nimeona Wakristo wakitoa bega, nimeona watalii wakitolewa kwa upole walipojaribu kupiga picha. Aliye hai humpisha aliyekufa. Nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kuvaa viatu.

Tanga ilikuwa hivi.

Rali haifanani na mbio mnazoziona kwenye televisheni, magari yote yakianza pamoja. Mnaanza mmoja mmoja, kila mmoja akikimbizana na saa, kwenye barabara za kawaida zilizofungwa kwa muda. Dereva hawezi kukumbuka mamia ya kona, kwa hiyo pembeni yake hukaa mtu anayemsomea zilizo mbele. Mutiso ananisomea kona nisiyoiona bado, nami ninaendesha kwa masikio. Macho ni ya kuhakikisha tu.

Siku ile tulikuwa tunaongoza. Kilibaki kipande kimoja na nusu cha njia. Mwisho wa barabara alikuwa ananisubiri meneja wa timu kubwa ya ng'ambo, ambaye alikuja Afrika Mashariki akitafuta dereva mmoja. Alikuwa ameshaniambia kwamba nikimaliza mbele, kiti ni changu.

Barabara ilikuwa imefungwa, lakini kijiji kile kilikuwa na msiba, na makaburi yalikuwa ng'ambo ya pili. Nani angeliambia jeneza lingoje? Waliposikia mngurumo wangu walikuwa wamekwisha kuingia njiani. Nilipotoka kwenye kona niliwaona wakirudi nyuma mbiombio. Wakaingia kwenye majani, jeneza limeinama upande mmoja, wakajibana pale kwenye mtaro.

Wametupisha. Maiti ameondolewa njiani ili nipite mimi.

Mutiso alikuwa bado anasoma. "Nyoosha, ndefu, kanyaga."

Nikakanyaga breki.

"Unafanya nini?"

"Jeneza."

"Nimeliona! Si wametupisha? Kanyaga, wewe Mdigo!"

Nilikuwa nimekwisha kufungua mikanda. Mutiso alinitukana kwa Kikamba kwa pumzi moja ndefu, akateremka, akakimbia nyuma kuweka alama ya hatari kwenye kona asije mtu akatugonga. Hilo watu wa redio hawalisemi kamwe. Alipohakikisha kona iko salama alikuja naye akaingia chini ya mti. Ni mfupi, jeneza likaanza kulala upande wake, na mzee mmoja akamwambia kwa upole sana, "Wewe mwanangu tembea tu pembeni, thawabu utapata."

Mimi nilikuwa bado nimevaa helmeti. Watoto walicheka wakanyamazishwa. Yule mzee akanitazama.

"Mwanangu, wewe si una mashindano?"

"Ninayo, mzee."

"Basi nenda. Umeshatoa bega."

"Nikivuka."

Tukavuka. Tulipofika ng'ambo, dereva aliyekuwa nyuma yangu alitokea, akapunguza mwendo, akalikwepa gari letu, akaenda zake na vumbi lake. Simlaumu. Hakuwa mtu wa pwani, na pengine hakujua alichokiona.

Meneja alinipokea mwisho wa barabara akiwa amekwisha kuambiwa. Aliniuliza marehemu alikuwa nani wangu. Nikamwambia si wangu. Akaniuliza jina lake. Nikamwambia simjui. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, kama fundi anayelitazama gari zuri lenye kasoro asiyoweza kuipata. Kisha akaniambia kwamba hawezi kumwajiri dereva asiyejua atasimama lini.

Nilimwambia ninajua. Nitasimama kwa jeneza.

Kiti kilikwenda kwa yule aliyenipita. Alifika mbali. Nimemwona kwenye televisheni mara nyingi, akimwaga mvinyo na kucheka, na mara nyingi niliizima.

Hapo ndipo watu hunitaka niseme kwamba Mungu alinilipa kwa njia nyingine. Nimeombwa niliseme hilo misikitini, shuleni, hata harusini. Sisemi. Sijui nililipwa nini. Tanga ilinigharimu kiti ambacho sikukipata tena maishani, na sikusimama ili nilipwe.

Nilisimama kwa sababu lilikuwa jeneza.

Baada ya pale rali ilinikaukia. Timu ndogo ziliniogopa. Nikachukua kazi ambayo madereva wa rali huidharau, nikaenda Ulaya kuendesha malori ya mashindano. Msicheke. Lori la mashindano lina uzito wa tembo na linazunguka uwanja uleule, kona zilezile, mpaka uchoke na maisha. Breki zake humwagiwa maji zikienda, la sivyo zinawaka. Huko ndiko nilikojifunza fizikia ambayo ningewafundisha wanafunzi wangu kama ningeijua. Gari halipindi kwa usukani tu, linapinda kwa uzito. Ukigusa breki, uzito unakwenda mbele, matairi ya mbele yanabana ardhi, na hapo ndipo unapoliambia lipinde. Ukipindisha kwanza na kubana breki baadaye, hata malaika hawakusaidii. Nilikuwa mtu mweusi peke yangu kwenye uwanja ule, na mafundi walinipa lori bovu kuliko yote mpaka walipoona ninalimaliza kila mbio bila kuliunguza. Ndipo wakanipa jingine.

Kutoka malori nikaingia magari madogo ya uwanjani, huko kusini mwa Afrika. Huko mnagongana. Ni magari ya kawaida kwa sura, na kila kona ni sokoni, bega kwa bega. Sikuipenda. Nilikuwa na heshima nyingi mno, nilimpisha mtu ndani ya kona akadhani nimemwogopa. Msimu wa pili niliacha kuwapisha. Waliopinduka walipinduka, hakufa mtu, na nililala vizuri.

Kisha jangwa. Jangwani hakuna barabara, kuna mwelekeo tu. Unapunguza upepo wa matairi mpaka yatandazike kama nyayo za ngamia, na unasoma kivuli cha mchanga, maana kivuli ndicho kinachokuambia kama ng'ambo ya tuta kuna mteremko au shimo. Siku moja mawingu yalifunika jua, vivuli vikafutika, na mimi nikaruka tuta nisilolijua. Goti langu linatokana na hapo. Nililala hospitali ya nchi ngeni, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa mchunga ngamia aliyenifundisha kuhesabu kwa lugha yake.

Sikuwahi kuwa bingwa wa kitu chochote kikubwa. Nilikuwa dereva mzuri, aliyekula kwa usukani wake, na kila mahali nilipokwenda hadithi ya jeneza ilifika kabla yangu. Wengine walinichekea nayo. Mmoja tu, dereva wa malori, alinishika mkono. Alikuwa amezika mke wake mwaka ule.

Basi turudi mezani kwa Salim.

Aliposema ahidi, nilikuwa na ufunguo mfukoni. Nitasema ukweli wote. Neno "naahidi" lilifika mpaka kwenye meno. Nilijiambia kwamba ni neno tu, kwamba jeneza huenda lisipite kabisa, kwamba hata likipita nitasimama na Salim atasamehe. Nikajiona nikiahidi nikijua sitatimiza. Huo ndio ungekuwa wizi, kulichukua gari la mtu kwa uongo.

Na upande wa pili, nikiahidi kwa kweli, basi nilikuwa mjinga kule Tanga na nimekuwa mjinga miaka yote hii.

"Siwezi, mwanangu."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili."

"Ami, mimi pia ni Mwislamu. Nayajua majeneza. Lakini mashindano ni mashindano. Nina wageni wangu hapa, nina jina langu kwenye mlango wa gari lile. Wakitucheka tena..."

Lilikuwepo jibu, na nililibana, kwa sababu si vizuri kumtaja baba wa mtu mbele ya mahamri yake. Lakini Mutiso hakubana.

"Salim," akasema, akiwa bado anatafuna, "siku tunampeleka baba yako, wale madereva wa malori ya mchanga walioteremka kumpa bega pale barabara kuu, uliwauliza nani kati yao anamjua?"

Salim alisimama. Uso wake ulibadilika, nikadhani atalia, lakini haya na hasira ni ndugu, na iliyotoka ni hasira.

"Nipe ufunguo, ami."

Nikampa.

"Litaendeshwa na mwingine."

"Ni lako," nikamwambia. "Ligusie breki mapema, ni zito mbele."

Kwenye matatu ya kurudi Msambweni nilimgombeza Mutiso. Nilimwambia hakupaswa kusema vile. Akasema anajua, hasira ilimpanda tu, na kwamba akienda kanisani Jumapili ataomba msamaha kwa Mungu kwanza na kwa Salim baadaye, maana Mungu yuko karibu zaidi. Kisha akauliza, "Sasa tunashindana na nini? Na mbuzi wangu?"

Ninalo gari. Ni lile la kufundishia, gari dogo la milango minne, kuukuu, lenye umri wa mwanangu wa kwanza. Vyuma vya kinga vimo ndani, injini naitunza mwenyewe kama ninavyotunza swala. Halina mbio kama la Salim, halina hata nusu yake. Lakini linakwenda. Na waandaaji wanakubali mtu abadilishe gari, mradi lipite ukaguzi Ukunda kabla ya saa za alasiri kwisha.

Tatizo likawa kwamba gari halikuwepo nyumbani. Mke wangu, Mwanakombo, alikuwa amelichukua kwenda kwao Kibuyuni kubeba mwani. Nilimpigia. Akanisikiliza mpaka mwisho, na mimi nilitarajia aniambie kwamba hii ni ishara, nitulie, nicheze bao na wenzangu.

"Yaani wamekuambia usimsimamie maiti?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ngoja nakuja."

Alikuja kwa kasi ambayo sikumfundisha mimi. Magunia ya mwani mbichi nyuma, maji yakichirizika kwenye sakafu, chumvi mpaka kwenye kioo. Tulishusha magunia pale uani, sote watatu, naye akinihimiza.

"Nenda, nenda, utaoga ukirudi!"

"Gari linanuka, mama watoto."

"Wewe nawe hunuki?"

Ukunda tulipita polepole kwa sababu ya wingi wa watu, na waendesha boda wa pale stendi wameshasikia kila kitu. Ukunda habari huwahi kuliko gari.

"Mwalimu! Gari hilo au jiko?"

"Mzee wangu, mbele kuna jeneza, simama!"

"Hakuna, Mwalimu, anakudanganya, kanyaga!"

Mutiso alitoa kichwa dirishani akawajibu, na nisiyaandike aliyowajibu, yeye ni mzee wa kanisa.

Mkaguzi alikuwa binti wa Mombasa, mhandisi, mkavu wa maneno. Alinipa shikamoo, nikaitikia, kisha akalikagua gari kama hakuniamkia. Aligonga vyuma vya kinga kimoja kimoja. Alilala chini ya gari na nguo zake safi. Aliponyanyuka alivuta pumzi mara mbili.

"Mzee, linanuka pwani maji yakikupwa."

"Ni mwani, binti yangu."

"Mwani si kosa. Mikanda ndiyo kosa. Hii ya usalama imekwisha umri wake, siipitishi."

Alikuwa sahihi. Mikanda ya mashindano ni kitambaa, na kitambaa huzeeka hata kikikaa kabatini. Siku unayokihitaji kinakatika. Mimi mwenyewe huwafundisha wanafunzi wangu hilo, na yangu sikuwahi kuitazama, kwa sababu gari la kufundishia nilijua sitaliendesha kwa kasi. Nilisimama pale nikijiona nimekwisha. Alasiri ilikuwa inayoyoma.

Aliyekuja ni yule kijana mwenye kelele wa Ukunda, aliyepiga meza asubuhi. Alikuwa na mikanda yake ya akiba begani.

"Chukua, Mwalimu. Mipya."

"Asubuhi ulinicheka."

"Na nitakucheka tena. Mzaha ule nimeutunga mimi, mtangazaji kaniibia." Akanisaidia kuifunga, akizikaza skrubu kwa nguvu. "Ila sitaki kukushinda ukiwa umekaa nyumbani. Nitamwambia nani?"

Binti wa Mombasa akavuta kila mkanda mara tatu, akabandika alama yake ya kupita kwenye kioo, akaniambia, "Endesha salama, baba."

Kwa hiyo Jumamosi ninaanza. Nimewekwa wa mwisho kabisa, kwa kuwa nimebadilisha gari dakika za mwisho, na wa mwisho hula vumbi la wote. Kama mvua itanyesha tena hakutakuwa na vumbi, kutakuwa na tope, na tope la bara ninalijua. Liko tope jeusi linaloshika na liko jekundu linaloteleza kama sabuni, na mara nyingi yanafuatana katika kona moja. Gari la Salim kapewa kijana hodari. Kwenye barabara nyoofu ataniacha, wala sijidanganyi. Kwenye kona tutazungumza.

Sitarajii kushinda. Naandika hivyo, halafu nalisoma tena nililoandika na kuona ni uongo. Ninataka kushinda. Ninataka kuwapita mmoja mmoja, dada zangu wakiwa wamekaa kwenye mkeka kando ya njia wakipiga vigelegele na kuniaibisha. Nimelitaka jambo hili maisha yangu yote, na kwa sababu ya jeneza ambalo huenda lisipite, leo nimekubali kuendesha gari lisilo na hata nusu ya mbio za lile la Salim. Vyote viwili viko ndani yangu na havigombani. Wanaosema kwamba mtu anayesimama hataki kushinda hawajawahi kukaa kwenye kiti changu.

Na nalisema hapa ili watu wa redio wasisumbuke kulitafuta. Barabara ikiwa wazi, nitakanyaga mpaka Mutiso aliite jina la Yesu. Likipita jeneza, nitazima injini nitateremka, hata kama ninaongoza, hata kama ubao wa kumalizia ninauona kwa macho yangu. Msiniulize tena. Mkiniuliza jibu litakuwa hilihili.

Salim, najua unasoma hapa, huwa unasoma. Gari ni lako na wewe bado ni mwanangu, wala sijanuna. Jumamosi njoo usimame pale barabara ya lami inapoishia, kwenye ile kona ya kulia. Nitapita hapo kwa kasi, inshallah, na utaona ami yako anavyopinda. Lakini nikichelewa kufika, usiwaulize watu gari langu limeharibika nini.